Mahali pa Kushushia Chuma

Chuma kile cha kujengea kiwanda kilitoka Ulaya kwa meli. Sisi hatukuijua meli wala bahari. Tuliambiwa tu kwamba kitashushwa Lobito, kitapanda gari-moshi, kitapita Dilolo na Kasaji hadi kwetu Kolwezi, na kwamba siku kitakapofika ni lazima kikute mahali pake pameshatayarishwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa kapita wa kikosi cha kutayarisha uwanja. Kapita alikuwa mtu wa katikati: bwana akitoa amri, kapita aliipeleka kwa wafanyakazi, wafanyakazi wakikasirika, kapita alitafuta namna ya kumwambia bwana bila kumuudhi. Nilikuwa kijana bado, nina mke, nina baiskeli, nina nyumba ya matofali katika kambi mpya. Wazazi wangu waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, mimi nikazaliwa huku huku, kwa hiyo niliposema "kwetu" nilimaanisha Kolwezi. Mke wangu alikuwa mtu wa Kasaji, binti wa wakulima wa karanga na muhogo. Tulikutana stesheni, yeye akiuza karanga za kuchemsha dirishani mwa gari-moshi, mimi nikiwa ndani. Lakini hayo ni mambo mengine.

Kazi ya uwanja wengi hawaijui. Mtu akipita mbele ya kiwanda kikubwa anauliza kimejengwa na nani. Haulizi vile vyuma vililala wapi kabla ya kusimama. Sisi tulikuwa tunajua. Mhimili wa chuma mrefu kuliko nyumba, ukiulaza kwenye ardhi laini, upande mmoja unazama na wenyewe unapinda, na ukishapinda haufai tena. Saruji ukiiacha chini inakunywa unyevu na kugeuka jiwe ndani ya mfuko. Kwa hiyo unatafuta ardhi ngumu, iliyoinuka kidogo ili maji ya mvua yasituame, iliyo karibu na reli, ambapo lori litaingia upande huu na kutokea upande ule. Ukiipata unafyeka, unang'oa visiki, unabomoa vichuguu, na vichuguu vya Katanga si mchezo, vingine vinalingana na nyumba. Unachimba mitaro. Unamwaga changarawe na kuishindilia. Mwisho unapanga mataruma ya reli yaliyochakaa, ili chuma kilale juu ya mbao, kisiguse udongo.

Bwana wetu alikuwa Mbelgiji kijana, mwembamba, shingo imeungua kwa jua. Hakuwa mtu wa matusi. Mwisho wa mvua alijaza lori mawe akatuambia tulifuate, alitaka kuona ardhi gani italibeba. Mahali pa kwanza, karibu na bonde, magurudumu yalizama hadi katikati na tulishinda pale tukisukuma, matope mpaka kwenye nyusi. Mahali pa pili palionekana pagumu, lakini lori lilipogeuka likaacha mifereji iliyojaa maji mara moja. Bwana akaangalia huku na huku, akanyoosha mkono kuelekea mgongo wa kilima nyuma ya kambi ya zamani.

"Twende kule," akasema.

Nililijua jibu kabla lori halijapanda. Lilipanda bila kuteleza, likazunguka, likasimama. Bwana akapiga magoti, akapima kwa kidole alama ya tairi. Alama yenyewe ilikuwa kama mkwaruzo tu.

"Hapa, kapita. Hapa njo muzuri."

"Bwana," nikamwambia, "hapa iko malalo."

Malalo ndivyo tunavyoita makaburi, kama tunavyosema njo kwa ndiyo. Akasimama, akaangaza macho kwenye nyasi.

"Malalo ya nani? Sioni misalaba."

"Ya batoto. Batoto ba kambi ya zamani."

Watu wazima walizikwa kwenye makaburi ya misheni. Lakini wakati ule wa kambi ya zamani, watoto wachanga walikuwa wakizikwa pale mgongoni, karibu, ili mama aweze kufika kwa miguu kabla ya kwenda shamba. Hapakuwa na misalaba. Palikuwa na mawe, na sahani, na vikombe vya bati vilivyofunikwa juu ya udongo, vimetobolewa ili mtu asivitamani. Nyasi zilikuwa zimevizidi urefu. Kambi ilipovunjwa, wengi wa wazazi wale walihamishwa, wengine wakarudi kwao.

Bwana alikuwa bado anatafuta kwa macho. Nikaona ni afadhali niseme yote.

"Mumoja iko wangu."

Alivua kofia. Akaipangusa ndani kwa leso, muda mrefu, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Kisha akaniuliza kama ni mtoto wa kiume au wa kike. Nikamjibu ni wa kike. Akauliza kama mama yake bado yuko. Nikamwambia yuko.

"Nitauliza biro," akasema. "Lakini mi sina nguvu ya kurudisha kile chuma, kapita. Kiko mu maji tayari."

Binti yetu alikufa kwa homa katika majira ya baridi, wakati upepo unapeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya maziwa. Alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kusimama kwa kushika ukingo wa kiti. Alikuwa akisimama hivyo, anatutazama, anacheka, halafu magoti yanalegea anakaa chini. Hatukupata mwingine. Watu waliendelea kutuita tata na mama, kama inavyofanyika, nasi tuliendelea kuitikia.

Kila Jumapili baada ya misa mke wangu alikwenda kule mgongoni. Mara nyingine tulikwenda wote. Aling'oa majani, akaiosha sahani yetu, nyeupe yenye ukingo wa bluu, akairudisha ilivyokuwa. Hakulia tena kule. Alikuwa akimweleza habari ndogo ndogo: jirani amejifungua, mvua imechelewa. Mimi nilisimama kando.

Jibu la biro, yaani ofisi ya kampuni, lilirudi upesi. Mahali ni pale pale. Wazazi wenye watoto pale watangaziwe, anayetaka kumhamisha wake amhamishe kwenye makaburi ya misheni kabla tingatinga halijaletwa. Kapita ndiye atakayetangaza.

Siku ile nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameketi mlangoni akichekecha unga wa muhogo. Jua lilikuwa bado liko juu. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, iko habari."

"Sema."

Nikamwambia. Habari ya lori, ya bwana, ya biro. Hakuinua uso. Mikono yake iliendelea kuchekecha, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Hakuna fasi ingine?"

"Tulijaribu. Kwote kunazama."

"Na nani atafyeka?"

"Kikosi yangu."

"Njo kusema weye."

"Njo kusema miye."

Chekeche ikasimama. Unga kidogo ulikuwa umemwagika chini, umechanganyika na mchanga. Aliukusanya kwa kiganja, akautia ndani ya ule mzuri, akaukoroga kwa vidole. Kisha akauona alivyoufanya, akabaki anautazama. Chakula cha siku ile tulikula kwa jirani.

Nilitangaza kanisani, mtaa wa Manika, nikatangaza kambini, nikawatumia salamu niliowajua. Waliokuja walikuwa wachache. Bibi mmoja alikuja na wanawe wakubwa, wakachimba, wakaondoka naye. Baba mmoja, mchimba madini, alifika na koleo begani, akatembea kati ya mawe, akasimama mahali fulani. Nikamwuliza kama anataka msaada. Akatikisa kichwa.

"Acha alale," akasema, akarudi alikotoka, koleo lile lile begani.

Mke wangu hakusema lolote, si ndiyo, si hapana. Tulipoanza kufyeka, alikuja. Tulianzia upande wa reli, mbali na makaburi, kwa kuwa wenzangu walishauriana bila kuniuliza wakaamua hivyo. Yeye alifika asubuhi na kitambaa kichwani, akaketi karibu na ile sahani, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wanavyoketi kwenye matanga, mgongo wake kwetu. Alikaa mpaka jua lilipoanza kuwa kali, akaondoka. Kesho yake tena. Na kesho yake.

Katika kikosi changu palikuwa na mwimbishaji, mtu wa Kasai kama mimi, rafiki yangu wa siku nyingi. Kazi ya kushindilia ardhi inakwenda kwa wimbo: mwimbishaji anaanza, wengine wanapokea, na vile vishindilio vizito vya chuma vinashuka pamoja. Alikuwa na nyimbo za kumsengenya kila mtu, hata bwana mwenyewe, kwa Kiluba ili asielewe. Tangu mke wangu alipoanza kuja pale, mtu yule hakuimba. Vishindilio vikawa vinashuka ovyo ovyo, kila mtu na wakati wake. Siku moja bwana akaniuliza kwa nini kazi imepoa. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akamtazama yule mwanamke aliyeketi, akaingia garini, na siku ile hakurudi.

Tulifyeka kumwelekea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila siku nyasi zilizobaki kati yetu zilipungua, mpaka nikaweza kuona maua ya kitenge chake, mpaka nikaweza kumsikia akikohoa. Usiku kitandani tulikuwa mbali zaidi kuliko pale.

Siku tuliyofikia kichuguu cha mwisho, ambacho ng'ambo yake ndiyo makaburi, alinyanyuka, akajikung'uta nyasi, akaja moja kwa moja mbele ya watu wote mpaka niliposimama.

"Tumuchukue," akasema.

Jumapili baada ya misa tulikwenda. Katekista alikuja na maji ya baraka ndani ya chupa. Mwimbishaji alikuja na koleo lake bila kuitwa. Mke wangu alikuwa amenunua beseni jipya sokoni Manika na alikuwa na kitenge kipya kimekunjwa ndani. Aliiondoa sahani kwa mikono miwili, akaiweka pembeni, akatuonyesha kwa kidole: kichwa huku, miguu huku.

Tulichimba polepole, mimi na mwimbishaji. Nilikumbuka kina chake, maana nililichimba mimi lile kaburi mara ya kwanza. Tulifika kwenye kina kile, tukaacha makoleo, tukaendelea kwa mikono. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye vijizizi vyembamba kama nywele. Tukatafuta kitambaa. Tukatafuta chochote. Hapakuwa na kitu.

"Pitieni upande wa huku," mke wangu akasema.

Tukapanua kushoto. Udongo na mizizi. Tukapanua kulia. Nilihisi jasho likinichoma macho na sikutaka kulifuta, nikaogopa ataniona nikijipangusa. Mwimbishaji alinitazama, nikamtazama. Ndiye aliyepata ujasiri wa kusema.

"Mama, huu udongo unakula. Kuko muchwa. Kwa mutoto mudogo, inakula yote."

"Ni hapa," akasema mke wangu. "Mi najua. Ni hapa."

"Ni hapa, mama. Hatukatae. Ni hapa kabisa."

Akaja akashuka shimoni. Tukampisha. Chini, katikati, palikuwa na sehemu ambayo udongo ulikuwa mweusi kidogo kuliko kwingine, kama mahali palipomwagikiwa maji. Huenda ulikuwa mzizi uliooza. Huenda ni yeye. Mke wangu alipagusa kwa kiganja, akaomba beseni. Akatandaza kitenge ndani yake. Akaanza kuchota kwa mikono, fumba kwa fumba, akitoa kokoto, akitoa vijizizi, kama anavyosafisha mchele.

Baada ya muda katekista, mtu mpole, akauliza, "Mama, inatosha?"

Alisimama mle shimoni, akalinyanyua beseni, akaliegemeza kifuani, akafumba macho. Akalipandisha kidogo na kulishusha, kama mtu anayembembeleza mtoto asinzie.

"Bado," akasema. "Alikuwa anazidi hapa."

Akaliweka chini, akaongeza. Akalinyanyua tena, akasikiliza kwa mikono. Akaongeza. Mara ya tatu akatikisa kichwa, akatoa fumba moja, akalirudisha ardhini. Akanyanyua tena.

"Sasa," akasema.

Mwimbishaji aligeuka akatembea mpaka kwenye ukingo wa uwanja, akasimama kule akitazama reli. Katekista alikuwa ameshika chupa yake hajui aifanye nini. Nilimpa mke wangu mkono atoke shimoni, na ili atoke ilibidi anipe beseni kwanza. Nikalipokea.

Nina umri mkubwa sasa na nimebeba vitu vingi maishani. Nilipolipokea beseni lile mikono yangu ilimtambua. Sikuwa najua kwamba naukumbuka uzito ule. Nilikuwa nikimbeba jioni nikitoka kazini, ananivuta sikio, na nilidhani nimekwisha kusahau. Nilibaki nimesimama mpaka mke wangu akasema, "Nipatie," nikampa.

Akakunja pembe za kitenge juu yake. Hakulitia kichwani, alilibeba mikononi njia yote hadi misheni. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walitupisha. Mmoja aliyemjua akamwuliza kwa mazoea, "Mama, unapeleka nini?"

"Mutoto," akasema.

Katekista alimwombea, tukamzika mara ya pili, katika mstari wa makaburi madogo karibu na ukuta. Sahani tuliiweka juu. Mke wangu hakumweleza habari yoyote siku ile. Alilibana beseni kwapani, tukarudi.

Jumatatu nilirudi kazini. Lile shimo lilikuwa limebaki wazi, pana kuliko tulivyolianza. Kwa kazi yetu shimo ni hatari: udongo uliochimbwa ukiurudisha hivi hivi unabaki umelegea, na mzigo ukilala juu yake unazama. Lazima ujaze kidogo kidogo, mawe, udongo, changarawe, na kila tabaka ulishindilie kuliko ardhi nyingine yote. Niliwaambia wenzangu waendelee na mataruma, nikachukua kishindilio cha chuma mimi mwenyewe. Kishindilio kile kina mpini wa watu wawili. Nilikiinua peke yangu mara chache, mgongo ukaanza kulia. Mwimbishaji akaja akashika upande wa pili. Tukashindilia mpaka pale pakalingana na kwingine, mpaka mtu asiyejua asingeweza kusema ni wapi.

Bwana alipita.

"Imekwisha?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Imekwisha, bwana."

Akanipa sigara, nami sikuwa mvutaji.

Ilibaki kupanga chuma kitakavyolala. Uwanja wa namna ile una mafungu ya chuma na una njia kati ya mafungu, za watu wenye ndoano na za lori. Kwenye mchoro wa bwana njia mojawapo ilipita juu ya yale makaburi madogo yaliyosalia, yale ambayo hakuna aliyekuja kuyahamisha. Nikaona viatu vikikanyaga pale kila siku, na magurudumu. Nikamwomba bwana tubadilishe: njia ipite kando, na pale pawekwe mihimili mirefu, juu ya mataruma mawili yaliyopandana, ili chini yake pabaki nafasi na asipite mtu. Aliuangalia mchoro, akachukua penseli, akabadilisha bila kuuliza sababu. Nadhani alielewa.

Chuma kikafika. Mji mzima ulitoka kuangalia. Gari-moshi liliingia likilia, mabehewa ya wazi yamebeba vitu vyekundu kwa rangi ya kuzuia kutu, virefu, vizito, vimefungwa minyororo. Kreni ilinyanyua mhimili wa kwanza, ukabembea hewani, na sisi tuliokuwa chini tukauongoza kwa kamba mpaka ukatua juu ya mataruma. Ardhi haikulalamika. Siku zile zote za kushusha hakuna taruma lililozama, hakuna lori lililokwama. Bwana alinipa mkono mbele ya Wazungu wenzake. "Kazi ya muzuri sana, kapita," akasema, na ilikuwa kweli, ilikuwa kazi nzuri.

Mke wangu alikuja na wanawake wa kambini kutazama kama wengine. Nilimwona amesimama nyuma ya kamba. Nikamfuata. Alikuwa anatazama lile fungu la mihimili mirefu, jinsi ilivyopangwa, imenyooka.

"Njo hii?" akauliza.

"Njo hii."

"Ni mingi."

"Ingine iko njiani."

Akaitikia kwa kichwa, akajifunga kitenge vizuri, akarudi nyumbani.

Baada ya hapo hatukugombana. Alipika, alifua, aliniuliza kama nimechoka. Lakini Jumapili baada ya misa hakwenda kwenye makaburi ya misheni. Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilikwenda peke yangu, nikang'oa majani, nikaosha sahani, na kwa sababu sikujua kumweleza mtoto habari nilirudi. Mvua za kwanza zilipokaribia alisema anataka kwenda Kasaji kumsaidia mama yake kupanda. Nilimpeleka stesheni kwa baiskeli, kikapu chake nyuma. Alisema atarudi mvua zikiisha.

Mvua zikaisha. Nikangoja kidogo, nikaomba ruhusa, nikapanda gari-moshi. Wakati ule watu walikuwa wameanza kulitamka neno uhuru bila kushusha sauti. Ndani ya behewa walibishana njia nzima: nani atabaki Katanga, nani atarudi kwao, watu wa Kasai watafanywa nini. Mmoja aliniuliza mimi naonaje. Nikamwambia naenda kumchukua mke wangu. Wakacheka, wakaendelea.

Mama mkwe alinipokea vizuri. Alinipikia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akanitengea maji ya kuoga. Mke wangu alikuwa amenenepa kidogo, jua limemkoza. Alinionyesha shamba la karanga, mistari yake mizuri. Tulikaa ukingoni mwa shamba, nikamwambia nilichokuja kusema, kwamba nyumba ipo, kwamba nimepaka chokaa, kwamba hata jirani anamkosa.

Alichuma jani akawa analikunja.

"Tata, mi sikukukasirikia," akasema. "Usiende unafikiri vile. Uliona huruma, nilikuona."

"Basi turudi."

"Kule kwote banachimba. Leo huku, kesho kule. Hapo misheni bataacha? Wakisema tena chuma inakuja, nitamubeba tena nimupeleke wapi?" Akalikunjua lile jani. "Nguvu ya kumubeba mara ingine sina. Njo ile tu."

Nilimwambia pale misheni hawatagusa. Nilisema kwa nguvu, na yeye alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Sikuwa na hakika na nilichosema, na alijua.

"Na kwako," nikamwambia, "kuna nafasi huku? Nije miye?"

"Kuja ufanye nini, tata? Hujui jembe." Akacheka kidogo, akanigusa goti. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka. Kisha machozi yakamshuka na hakuyafuta, nami yangu yakashuka, tukakaa hivyo ukingoni mwa karanga mpaka mama yake akatuita kula.

Kesho yake alinisindikiza stesheni. Alinipa mfuko wa karanga mbichi na kuku aliyefungwa miguu. Gari-moshi lilipoanza kusogea alitembea nalo kidogo, mkono wake kwenye dirisha langu, kama alivyokuwa akitembea zamani akiuza, kisha akauachia. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vurugu, reli ilikatika mara kwa mara. Baadaye sana nilisikia amepata mume kule, mkulima, na wamezaa. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi, na siku hiyo sikwenda popote, nililala kitandani na viatu.

Lakini siku ile niliyotoka Kasaji nilikuwa sijui hayo bado. Nilishuka Kolwezi mchana, nikatembea mpaka kambini na kuku wangu mkononi. Jirani, aliyekuwa amenitunzia ufunguo, alitoka akatazama nyuma yangu.

"Mama iko wapi?"

"Anabaki kidogo," nikamwambia. "Wanavuna."

Aliitikia, akanipa ufunguo. Kesho yake mwimbishaji akaniuliza, nikamjibu hivyo hivyo. Katekista akaniuliza, bwana akaniuliza, wanawake wa mstari wetu wa nyumba wakaniuliza. Anabaki kidogo. Nililisema jibu lile mpaka watu wakaacha kuuliza, kisha nikawa nalisema peke yangu, nikifungua mlango.